Ukifika Utafikia kwa Nani?

Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika kikao cha kamati za sharika kilichofanyika Lusu, wilaya ya Nzega

 

Kwanza tuwashukuru wenyeji wetu wa hapa Lusu kwa kutupokea jana jioni, kwa matobolwa na karanga, na kwa vitanda. Vitanda tunavitaja kwa makusudi. Tulishuka kwenye gari wageni zaidi ya ishirini, na kabla giza halijaingia kila mmoja wetu alikwishajua analala nyumba gani na nani atamwonyesha choo kilipo. Hakuna aliyeulizwa ana shilingi ngapi. Mazungumzo yetu ya asubuhi hii yanaanzia hapo.

Katika ratiba mmeandikiwa kwamba mada ni "Elimu ya juu: mafanikio na changamoto". Mafanikio mmeyasoma katika taarifa ya mwaka na hatutayarudia. Tunaomba muda wenu kwa changamoto moja, ambayo katika taarifa zetu zote haijawahi kupewa hata aya moja. Nayo ni hii: mtu wetu anayetoka huku kwenda mji mgeni kusoma shahada ya pili atalala wapi, na fedha ya kuingia katika chumba hicho itatoka kwa nani?

Swali ambalo fomu yetu haikuuliza

Miaka michache iliyopita sharika mbili za ukanda huu zilimchangia mwalimu mmoja wa sekondari, mama wa watoto wawili. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili katika chuo kimoja cha mjini. Wengi mliomo humu mlikuwepo. Kuku waliuzwa, mpunga uliuzwa, kwaya ilipitisha kikapu, na marafiki zetu wa nje wakakamilisha kilichopungua. Ada ya mwaka wa kwanza ililipwa yote kabla chuo hakijafunguliwa. Siku ya kuaga tulimwombea, tukampa bahasha ya nauli, naye akapanda basi.

Fomu yetu ya msaada ilikuwa na kurasa nne. Iliuliza jina, usharika, mwajiri, kozi, kiasi cha ada, akaunti ya chuo na jina la mdhamini. Haikuuliza atakapofika atafikia kwa nani.

Alifikia kwa binamu yake. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, watu saba. Yeye alilala sebuleni, maana yake alisubiri runinga izimwe ndipo atandike, na aliamka wa kwanza kwa sababu sebule ndiyo njia ya kila mtu. Kazi za chuo alizifanyia barazani hadi mbu walipomfukuza. Kwenda chuoni alipanda daladala mbili na kurudi mbili. Hakuna aliyemwambia aondoke. Lakini kufikia wiki ya tano maneno ya pale nyumbani yalibadilika, akawa anaulizwa, "Hivi masomo yenu yanakwisha lini?" Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakuwa na shamba la kulima pale.

Akaanza kutafuta chumba. Dalali wa kwanza alimtoza pesa ya kuonyeshwa, akampeleka kwenye vyumba vinne. Viwili kati yake vilikwisha kupangishwa, kimoja kilikuwa hakina maji, na kile cha nne kilichomfaa mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Yeye alikuwa na ya miezi miwili. Wiki hiyohiyo mtoto wake mdogo akaugua huku nyumbani na mshahara ukaishia hospitali. Mwezi wa Desemba aliandika barua chuoni kuomba kuahirisha mwaka.

Wapendwa, katika taarifa yetu ya robo ile tuliandika hivi: "Mwanafunzi mmoja ameahirisha masomo kwa sababu binafsi." Tuliiandika sisi, ofisini, barua yake ikiwa mezani. Ilikwenda kwenu wanakamati na kwa wafadhili. Mwalimu yule alirudi kijijini na watu wakanong'ona kwamba masomo yalimshinda, au kwamba amekula michango. Masomo hayakumshinda, na hela ya watu hakuila. Tulimwomba radhi yeye mwenyewe, na leo tunawaomba radhi ninyi, kwa sababu sentensi ile ilificha jambo ambalo tungelijua mapema tungelizuia.

Wazee wetu walilijua jambo hili

Sisi watu wa Unyamwezi hatukuanza jana kwenda miji ya watu. Karne ya kumi na tisa wapagazi kutoka huku walibeba pembe hadi Bagamoyo, safari ya miezi, na walipofika pwani walikaa majuma, pengine miezi, wakisubiri mzigo wa kurudi nao. Swali la kwanza la msafiri lilikuwa "nikifika nitafikia kwa nani?" Hata wageni wa Ulaya waliuliza hivyohivyo. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikaribishwa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Stanley alipewa nyumba Kwihara mwaka 1871, na mwaka uliofuata akarudi kukaa hapo pamoja na Livingstone. Tembe lile bado linatembelewa.

Lakini mpagazi wa kawaida hakuwa na tajiri wa kumpa tembe. Yeye alikuwa na mtani. Utani wetu na Wazaramo, Wagogo na wengine wa njia ile ulishamiri katika safari hizo. Leo tumeubakiza kwa vichekesho vya msibani na harusini, lakini zamani ulikuwa na kazi nzito. Mtani aliweza kuingia jikoni kwa mtani wake akala bila kuomba. Mtani akifia njiani, mtani alimzika. Watu waliokuwa hawana undugu wa damu walijitengenezea undugu wa njiani, kwa sababu bila huo mtu asingefika.

Njia ni ileile. Kijana wa Nzega anayekwenda Chuo Kikuu cha Dodoma leo anapita Igunga, Singida na Manyoni, anaingia Ugogo, nchi ambayo misafara ililipa hongo na kununua maji. Tofauti ni kwamba siku hizi anafika kwa siku moja, na akishuka stendi hakuna mtani anayemngoja. Anayemngoja ni dalali.

Na tusiwalaumu wenye nyumba wa mijini kana kwamba sisi hatujawahi kuwa wenye nyumba. Hapa Lusu mgodi wa Golden Pride ulipokuwa ukichimba dhahabu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi ulipofungwa 2014, walikuja watu wa kila mkoa. Anayejenga nyumba kwa tofali za mkopo hutaka kodi ya kutosha kununua bati, na ndiyo maana anadai miezi sita. Fedha ile ndiyo benki yake. Tukilielewa hilo tutaacha kulalamika na tutaanza kujipanga.

Kwa nini wa shahada ya pili ndiye anayeumia

Wazee waliosoma chuo kikuu miaka ya 1970 wanakumbuka kwamba kitanda na chakula vilikuwa sehemu ya chuo. Chuo chetu cha kwanza kilianza mwaka 1961 Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wasiofika ishirini, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Idadi ile iliwezekana kulazwa. Baadaye wanafunzi wakaongezeka, sera ya kuchangia gharama ikaja, na mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo, ambayo ilianza kazi 2005. Vyuo vikaongezeka pia: Dodoma kilianzishwa 2007.

Mabweni yamejengwa na tunashukuru. Yale ya Mlimani yaliyofunguliwa Aprili 2017 yalijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Lakini katika vyuo vingi nafasi za bweni hupewa kwanza wanafunzi wa shahada ya kwanza, hasa wa mwaka wa kwanza na wenye mahitaji maalumu. Hiyo ni haki, maana ndio watoto. Mikopo nayo kwa sehemu kubwa huelekezwa kwa wa shahada ya kwanza, na miaka ya karibuni kwa wa stashahada za fani fulani. Mwanafunzi wa shahada ya pili huhesabiwa kuwa mtu mzima mwenye mshahara wake, ajitegemee.

Tuutazame basi mshahara huo. Mwalimu au muuguzi aliyeruhusiwa kwenda masomoni anaweza kuendelea kulipwa. Lakini kama alisoma kwa mkopo wa Bodi, tangu 2016 makato yake ni asilimia 15 ya mshahara. Ana mkopo wa benki aliojengea. Ana chama cha akiba. Kinachobaki kinagawanywa nyumba mbili, kwa sababu watoto wamebaki huku na mama yao au bibi yao. Mtu huyu si maskini wa kuhurumiwa, na hiyo ndiyo sababu hakuna anayemwona. Anaweza kulipa chumba kila mwezi. Hawezi kuingia.

Hesabu ya siku ya kwanza

Neno hilo ndilo tunaomba mlibebe kwenda nalo nyumbani, kwa hiyo tuliandike ubaoni kwa tarakimu. Ni mfano tu, kila mtu atabadilisha bei kulingana na mji.

Chumba kimoja, choo cha kuchangia: shilingi 60,000 kwa mwezi.
Kodi ya miezi sita kwa mkupuo: 360,000.
Dalali, kodi ya mwezi mmoja: 60,000.
Godoro, neti, ndoo mbili, jiko na sufuria, meza na kiti vya kusomea: 150,000.
Umeme wa LUKU, maji na taka, mwezi wa kwanza: 20,000.
Jumla ya siku ya kwanza: 590,000.

Mtu anayeweza kulipa 60,000 kila mwezi bila shida anatakiwa awe na karibu mara kumi ya fedha hiyo mkononi siku ya kuingia, na bado hatujataja nauli ya basi wala chakula. Akishaingia, miezi mitano inayofuata hadaiwi kodi. Shida yake ni ya siku moja, lakini siku hiyo inaweza kumrudisha nyumbani kama ilivyomrudisha mwalimu wetu.

Sisi kwa miaka yote tumekuwa tukichangia ada. Ada ina akaunti, ina risiti, ina muhuri wa chuo, na wakaguzi wanaipenda. Chumba hakina hayo. Hivyo tumemjengea mwanafunzi daraja zuri mtoni tukaacha hatua mbili za mwisho, tukisema hizo ataruka mwenyewe.

Chumba cha bei nafuu ni kipi?

Wanakamati wengi mtasema: basi apange mbali, huko kodi ni ndogo. Nasi tulisema hivyo. Tufanye hesabu nyingine. Karibu na chuo chumba ni 80,000, mbali ni 50,000. Ameokoa 30,000. Lakini huko mbali anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Tukadirie kila moja ni 600: kwa siku ni 2,400, na kwa siku 22 za mwezi ni 52,800. Chumba cha 50,000 kimekuwa cha zaidi ya laki moja. Na bado hatujahesabu saa nne za foleni, wala ukweli kwamba vipindi vingi vya shahada ya pili hufanyika jioni, na dada yetu anashuka kituoni saa nne usiku kwenye mtaa asioujua.

Kwa Dar es Salaam, tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, baadhi ya wanafunzi wa Mlimani wamepanga upande wa Kimara na kushukia Ubungo. Wengine hutafuta Changanyikeni, Msewe au Makongo ili watembee kwa miguu. Dodoma hali imebadilika tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Mwanafunzi sasa anagombea chumba na mtumishi wa wizara anayelipwa posho. Kwa hiyo asipange kwa kusikia bei za miaka ya nyuma kutoka kwa aliyesoma zamani.

Kuna hesabu ya tatu ambayo wengi huisahau. Shahada ya pili ina kipindi cha utafiti. Mwanafunzi anamaliza vipindi, kisha anaondoka mjini miezi miwili au mitatu kwenda kukusanya taarifa, mara nyingi huku huku kwetu. Kama kodi yake inaendelea, analipia chumba cha kulaza godoro. Ajipange tangu mwanzo ili muhula wa kodi uishie pale anapokwenda uwandani, na vyombo aviache kwa mwenzake au kwa familia ya usharika.

Na njia iliyo bora kuliko zote ni kukaa wawili. Chumba na sebule cha shilingi 100,000 kikigawanywa ni 50,000 kwa kila mmoja. Dalali amegawanywa, jiko ni moja, LUKU ni moja, na usiku kuna mtu wa kumfungulia mwenzake mlango. Lakini ili watu wawili wakae pamoja lazima wajuane kabla ya kusafiri. Tulikuwa na mwalimu kutoka usharika huu na muuguzi kutoka usharika wa pili, wote wakienda mji mmoja mwaka mmoja, majina yao yakiwa katika jalada moja ofisini kwetu. Hatukuwahi kuwakutanisha.

Ya kumfundisha kabla hajapanda basi

Tunapendekeza kila kamati ikae na msafiri wake jioni moja, pamoja na mtu aliyewahi kupanga mjini, na kumweleza haya:

Asitume hela kwa simu kwa ajili ya chumba ambacho hajakiona kwa macho yake, hata kama picha ni nzuri na aliyepiga simu anajiita mlokole.

Akifika kwenye nyumba azungumze na wapangaji wengine kabla ya mwenye nyumba. Aulize maji hutoka siku zipi, mita ya LUKU ni ya kila chumba au ni ya nyumba nzima, na kama ni ya nyumba nzima, mwenye friji na pasi anachangia sawa na mwenye taa moja?

Aende mara mbili: mchana, na tena usiku. Mtaa wa mchana na mtaa wa usiku ni mitaa miwili. Kama ni msimu wa mvua aangalie ukuta umelowa hadi wapi.

Ajaribu kuomba kulipa miezi mitatu badala ya sita. Wako wanaokubali, hasa mpangaji akiwa mtu mzima mwenye barua ya mwajiri na barua ya chuo. Asipoomba hatapewa.

Mkataba uandikwe, hata kama ni karatasi moja. Utaje majina, kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, nani anatengeneza kitasa kikivunjika, na notisi ni ya muda gani. Wapige sahihi mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Malipo yapitie benki au simu ili yabaki na kumbukumbu, au apewe stakabadhi.

Wiki ya kwanza ajitambulishe kwa mjumbe na kwa usharika wa karibu. Mgeni anayejulikana akiugua usiku atagongewa mlango.

Tunachoomba kamati na wafadhili

Ofisi inaleta mambo matatu. Tunaomba yajadiliwe kwenye vikundi baada ya chai.

La kwanza halihitaji fedha. Fomu iongezewe ukurasa wa tano wenye maswali manne: ukifika utafikia kwa nani, kwa siku ngapi, utahamia wapi, na siku ya kuhamia utakuwa na kiasi gani mkononi? Jibu la "kwa ndugu" lisikubalike hadi ndugu huyo apigiwe simu na mwanakamati, aulizwe kwa upole kama anaweza na kwa muda gani. Ndugu naye ana haki ya kusema ukweli kabla mgeni hajashuka mlangoni na sanduku.

La pili ni fedha za mlango. Tunapendekeza sehemu ya mfuko wa elimu itengwe kuwa mkopo wa siku ya kwanza, usio na riba, wa kulipa kodi ya awali na dalali. Mwanafunzi aurudishe kidogo kidogo ndani ya miezi kumi, kwa sababu kila mwezi anaweza. Kinachorudi kinamwingiza mwingine. Kamati ya usharika ndiyo imdhamini, maana ndiyo inayomjua.

Tunajua swali linalokuja, kwa kuwa mzee mmoja alituuliza jana usiku kando ya moto: "Watoto wetu wa shule ya msingi wanakaa chini, na ninyi mnataka kumlipia chumba mtu mwenye mshahara?" Swali ni la haki na hatulipuuzi. Jibu letu ni kwamba hatuombi kumlipia. Tunaomba kumwazima kwa siku ile moja, arudishe. Ada mliyomchangia yule mwalimu ilikuwa kubwa kuliko kodi iliyomshinda mara kadhaa, na iliyumba kwa kukosa ile ndogo. Na tukumbuke anayekwenda ni nani: ni mwalimu atakayewafundisha haohao wanaokaa chini, na muuguzi tutakayemkuta zahanati tukiugua. Hata hivyo, kama kamati zitaona madawati yatangulie mwaka huu, tutalipokea hilo, lakini tusiendelee kuchangia ada za watu ambao tunajua hawana pa kulala.

Kwa ndugu zetu wafadhili watakaosoma maneno haya: mmezoea risiti ya chuo, nasi tumezoea kuwapa. Kwa fedha za mlango tutawapa mkataba uliopita serikali ya mtaa, kumbukumbu ya malipo ya benki au ya simu, na orodha ya marejesho ya kila robo. Wasiorudisha tutawaandika pia, na sababu zao, bila kuficha nyuma ya maneno "sababu binafsi".

La tatu ni nyumba za kufikia. Tutaziandikia sharika za Dodoma, Dar es Salaam, Iringa, Morogoro na kwingineko tunakopeleka watu, tukiomba kila mji utupatie familia mbili au tatu zilizo tayari kumpokea mgeni mwenye barua ya mchungaji kwa wiki mbili. Wiki mbili, zimeandikwa, zinajulikana kwa pande zote. Mgeni aende na mchele wake na asali ya Tabora, asaidie kazi, na siku ya kumi na nne ahame. Tumegundua kwamba watu wengi hawaogopi kupokea mgeni, wanachoogopa ni mgeni asiyejua ataondoka lini.

Na sisi tuwe tayari kulipa kwa namna hiyohiyo. Wanafunzi wa mijini huja huku kwa mazoezi ya kazi na utafiti, na wengi wao hulala gesti hadi hela inawaishia. Vyumba vilivyojengwa wakati wa mgodi bado vimesimama, vingine vimefungwa kufuli. Tukiandikiana na sharika za mijini, mtoto wao atalala hapa na mtu wetu atalala kwao.

Habari za mwalimu wetu

Tusimalize bila kusema kilichompata. Mwaka uliofuata alirudi chuoni. Safari hii tulimkutanisha na yule muuguzi, wakakutana Nzega mjini wakanywa chai na kupatana. Usharika mmoja wa jijini uliwapokea siku kumi na moja. Dalali aliwapeleka kwenye vyumba sita, wakakataa vitano. Fedha ya kuingia kila mmoja aliikopa kutoka mfuko wa akina mama wa usharika wake, na wote wawili wamekwisha kuirudisha. Mshahara wa mwalimu haukuongezeka, na alichokuwa akilipa kwa mwezi hakikupungua sana kuliko kile kilichomshinda mwaka wa kwanza. Kilichobadilika ni siku ile ya kwanza.

Amekwisha kuwasilisha tasnifu yake na yuko kazini. Ametuambia kwamba mjini alijifunza mambo mengi, lakini usiku anaoukumbuka zaidi ni ule wa kwanza katika chumba chao, godoro likiwa bado kwenye nailoni, walipofunga mlango kwa ufunguo wao. Alilala hadi saa mbili asubuhi na kipindi kikampita.

Fomu mpya tunazigawa sasa hivi. Katibu wa kila kikundi tunamwomba arudishe maoni kabla ya chakula cha mchana, na yeyote mwenye jina la familia ya kufikia katika mji wowote aliandike nyuma ya karatasi pamoja na namba ya kupigia. Waliopo msimu huu wa maombi ni watano, na wawili kati yao wanakwenda Dodoma. Tumeshawauliza. Wote wawili hawajui watafikia kwa nani.